Jioni Niliyovua Nguo Nyeusi

Mume wangu aliuawa na watu wa porini kwenye barabara ya Kpandroma, katika siku ambazo redio ilikuwa inatuambia kila asubuhi kwamba amani imerudi. Alikuwa dereva wa lori la viazi. Kwanza walimletea mama yake kofia na funguo, kesho yake wakaleta mwili. Tulimzika mjini kwetu Bunia, na jioni hiyohiyo shangazi zake wakanivalisha nguo nyeusi toka kichwani mpaka miguuni.

Katika ukoo wao mjane havui weusi mwenyewe, anavuliwa. Mkubwa wa ukoo anakuja, anasali, anamnawisha maji, watu wanakula pamoja, na kilio kinakwisha. Mkubwa huyo, baba mdogo wa mume wangu, alikuwa anaishi Kpandroma. Kila alipopanga kushuka Bunia, barabara ilifungwa. Mara magari yamechomwa, mara askari wamezuia watu, mara yeye mwenyewe amefika nusu ya njia akarudishwa. "Muvumilie kidogo, amani inakuja," alisema katika simu. Mwaka ukapita. Ukaanza mwingine, na mimi bado nilikuwa mweusi kama sufuria ya matanga.

Nilikuwa nauza sokoni samaki wakavu wa Tchomia, bandari ya ziwani. Jua lilikuwa limeipausha ile nguo mpaka ikawa na rangi ya majivu, na magamba ya samaki yalikuwa yameganda kifuani. Wateja walipofika mbele yangu walishusha sauti kama watu wanaoingia hospitalini. Walinipa pole, kisha wakaenda kununua kwa jirani. Nilikuwa sijafika hata miaka arobaini.

Kulia kwangu alikaa mama muuza vitenge, ambaye familia yake ilihama kutoka Butembo kufuata biashara. Kushoto alikaa mama muuza maziwa, mtu wa hapahapa Ituri, binti wa wafugaji. Wakati wa vita huyu alikimbilia ng'ambo ya ziwa, yule alirudi kwao Butembo, na mimi nilijibanza kwa masista pamoja na watoto wangu wawili. Tuliporudi sokoni hatukuulizana nani alimkimbia nani. Tuliulizana nani ana kaa la moto la kuwashia.

Siku moja mama wa vitenge alinitupia mapajani kitenge cha manjano chenye ndege wa buluu, kimekwisha kushonwa.

"Jumamosi tunaenda Rwambuzi," alisema. "Siye watatu. Tunakula, tunasikia muziki, tunarudi."

"Na hii nyeusi?"

"Nyeusi itabaki nyumbani. Itachunga mulango."

Mama wa maziwa alicheka mpaka kikombe cha kupimia kikamponyoka. Mimi sikucheka. Nilikifunga kile kitenge ndani ya gunia la samaki, nikaenda nacho nyumbani, nikakificha chini ya godoro. Nilikuwa nimeamua kukirudisha. Lakini usiku binti yangu mdogo, aliyekuwa bado anajifunza kusema wakati baba yake anakufa, aliishika nguo yangu akaniuliza: "Mama, weye ulizalikaka na hii?" Hakuwa ananitania. Alitaka kujua. Nilimwambia alale, na nikajua kwamba Jumamosi nitakwenda.

Miaka ile mtaa wa Rwambuzi ulikuwa na njia moja iliyojaa nganda, zile baa za matete na mabati ambapo watu wanakula na kunywa. Zilichipuka zenyewe baada ya risasi kupungua. Jioni kila nganda iliwasha grupu yake, jenereta ya umeme, muziki wa huku ukagombana na muziki wa kule, na moshi wa mbuzi ukatanda juu ya viti vya plastiki. Watu walikuja mapema, jua likiwa bado lipo, kwa sababu askari wa doria hawakupenda kukuta mtu barabarani baada ya giza kukomaa. Kwa hiyo kila mtu alikula haraka na kucheza haraka. Wanawake walikuja na waume zao. Aliyekuja bila mwanaume alipewa jina, na jina lenyewe halikuwa zuri.

Jumamosi ile nilioga, nikajipaka mafuta, nikavaa manjano. Mama mkwe wangu alikuwa uani anachambua maharage. Ilinibidi nipite mbele yake, maana ua wa parseli yetu ulikuwa na mlango mmoja tu. Aliinua uso. Alinitazama toka kilemba hadi viatu, kisha akarudisha macho kwenye ungo.

"Watoto wamekula?" aliuliza.

"Wamekula, mama."

Nilitoka nikiwa na uhakika kwamba kabla sijafika kwenye kona atakuwa amemtuma mtu kwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu.

Rafiki zangu walikuwa wananingoja kwenye kona, nao wamependeza. Mama wa maziwa alikuwa amevaa hereni kubwa ambazo sikuwahi kuziona sokoni. Tulichagua nganda yenye taa nyingi na kukaa katikati kabisa, kwa sababu mama wa vitenge alisema hatukuja kujificha.

Mwenye nganda, kijana mnene mwenye taulo begani, alikuja mikono mitupu.

"Munangojea wababa?"

"Hatungojee mutu," nilisema.

"Wamama peke yao, hapana. Hapa iko na heshima."

"Hata siye tumekuja na yetu," alisema mama wa vitenge. "Leta samaki."

Kijana hakuondoka. Watu wa meza za karibu walianza kugeuka. Ndipo mama wa maziwa akaegemea kiti chake na kusema kwa sauti ya sokoni: "Weye, mama yako anakunywaka maziwa yangu toka ungali unatambaa. Niende nimuulize kama njo yeye alikufundisha kufukuza wamama?"

Watu walicheka. Kijana alijifuta jasho, akaenda. Samaki walikuja, wakubwa, wamekaangwa mpaka mkia umeungua, pamoja na lituma ya ndizi zilizopondwa na pilipili. Nilikula kwa vidole, polepole. Kwa muda mrefu sana nilikuwa nimekula nikiwa nimesimama, au nimempa mtu mgongo. Muziki ulipiga, miguu yangu ikaanza kujibu chini ya meza bila kuniomba ruhusa.

Kisha tukasikia risasi. Zilikuwa mbali, upande wa nje ya mji, tatatata, zikanyamaza, zikarudia. Mwenye nganda alikimbilia kwenye redio yake na kuzima muziki. Nganda za jirani nazo zikanyamaza. Kila mtu alikaa na tonge lake mkononi, anapima kwa masikio kama zinakuja au zinakwenda. Bunia nzima ilikuwa inajua kupima hivyo, hata watoto.

Katika kimya hicho pikipiki ilisimama nje, na shemeji yangu akaingia. Kwa kuwa hapakuwa na muziki, kila neno lake lilisikika mpaka jikoni.

"Muke wa ndugu yangu! Simama, twende nyumbani."

"Niko ninakula, shemeji. Karibu ukae."

"Ndugu yangu iko mu udongo, weye iko hapa unakula samaki?"

"Hata jana nilikula, shemeji. Nikishinda na njaa, yeye ataamuka?"

"Nani alikutosha nguo nyeusi?"

"Nimeitosha mwenyewe. Nimeivua."

"Haiko weye wa kuitosha! Muzee iko anakuja."

"Muzee anakuja toka mwaka jana," nilisema, na nilisikia sauti yangu inapanda, sikuizuia. "Barabara ikifungwa, njo mimi nafungwa. Wale watu wa kule mu pori wakipiga risasi, njo mimi navaa tena mwaka. Waliniulia bwana. Sasa wanipangie mpaka siku ya kuvaa na siku ya kuvua? Nimekataa. Ile nguo nimeifua, nimeikunja, iko juu ya kitanda. Kama bado unaitaka, enda uvae weye."

Mtu mmoja alicheka nyuma, kisha akajizuia. Shemeji alinishika mkono. Rafiki zangu walisimama pamoja, viti vikaanguka. Na baba mmoja wa meza ya pili, mtu mzima ambaye simjui mpaka leo, akasema bila hata kuinuka: "Mukubwa, acha wamama wamalize kula."

Shemeji aliniachia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amempenda kaka yake, na mimi nilijua. Alitazama kile kitenge cha manjano kana kwamba ni mimi niliyemuua marehemu, akageuka akatoka. Tulisikia pikipiki inakataa kuwaka, inakataa, kisha inawaka.

Risasi zilikuwa zimenyamaza. Hakuna aliyejua kama zimekwisha au zimepumzika. Mwenye nganda alianza kukusanya viti.

"Unafanya nini?" nilimuuliza. "Rudisha muziki."

"Mama, watu wanaogopa."

"Hata mimi naogopa. Rudisha."

Aliurudisha, kwa sauti ndogo. Nilisimama nikacheza. Nilicheza vibaya, magoti yalikuwa yamesahau, na machozi yalikuwa yananitoka, lakini nilicheza. Mama wa vitenge alikuja, mama wa maziwa akaja na hereni zake, kisha mke na mume wa meza ya pembeni. Kijana aliongeza sauti. Nganda ya jirani ikasikia, nayo ikawasha yake.

Tulirudi kabla ya doria, tumeshikana mikono katikati ya barabara. Mama mkwe wangu alikuwa bado uani, taa ya petroli miguuni. Nilijitayarisha kutukanwa.

"Mulikula nini?" aliuliza.

"Samaki, mama."

"Ya Tchomia?"

"Njo, ya Tchomia."

"Walipika muzuri?"

"Waliunguza mukia."

"Hawajuake kupika," alisema. Aliichukua taa yake, akaingia kulala.

Sikujua, na hata leo sijui, kama ni yeye aliyemtuma mtu kwa shemeji. Ukoo ulikaa kikao wiki iliyofuata. Waliniambia nirudie weusi na niombe msamaha. Nilikataa mara ya kwanza nikiwa nimekaa, na mara ya pili nikiwa nimesimama. Mama mkwe hakunitetea, lakini walipomgeukia wamsikie, alisema maharage yake yanaungua, akaondoka. Shemeji hakunisalimu kwa muda mrefu. Katika kwaya ya kanisa, nilimokuwa naimba, waliniambia nipumzike kwanza. Nilikwenda Jumapili nikakaa kwenye benchi langu la kwaya kama kawaida, nikaimba, na hakuna aliyepata nguvu ya kuniinua.

Barabara ya Kpandroma ilifunguliwa baadaye sana. Muzee alishuka, mdhoofu kuliko nilivyomkumbuka, akatukuta uani. Alisema amekuja kunitoa katika kilio. Nilimletea kiti na chai. Nilimwambia asali, maana sala haikatazwi, ila asisali kwa ajili yangu, amsalie mtoto wake aliyefia barabarani. Kisha alivua kofia, akasali, na shemeji yangu aliyekuwa amesimama mlangoni akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu maziko. Nilimpelekea maji ya kunawa uso. Aliyapokea kwa mikono miwili.

"Asante, shemeji," alisema.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Rwambuzi na rafiki zangu. Tulikuta meza nyingine ya wanawake peke yao, imekaa katikati kabisa.