Chuma Kilichogoma Kupiga Goti

Nimeona kwa macho yangu mashine ikimnyanyua mjane kila akitaka kupiga goti mbele ya wakwe zake. Kijiji kizima cha Ziba kinatazama.

Mimi ni mzee wa njia. Tabora mpaka Ujiji, ile njia ya misafara ya zamani, nimeikanyaga kwa miguu hii hii. Sijawahi kuazima miguu ya bati.

Mjane mwenyewe ni dada yangu, Prisila. Kiharusi kilimlegeza mguu. Shemeji yake, Masolwa, akatangaza: "Shamba la marehemu halilimwi kitandani. Azunguke mipaka mwenyewe. Akishindwa, nalichukua."

Wazee wa ukoo, vichwa maboga, wakakubali.

Ndipo akaja Flavia, fundi wa mradi fulani wa wagonjwa, na chuma cha kujifunga kuanzia kiunoni mpaka nyayoni, kimtembeze aliyelegea.

"Shikamoo mzee. Hii ina kamera, na nyayo zake zinahisi ardhi. Inajirekebisha yenyewe."

"Marahaba. Hata punda anajirekebisha, na hachomekwi kwenye umeme."

Siku ikafika. Prisila akaingia shambani. Mashine ikaona matuta ya viazi, ikadhani ngazi! Kila tuta, goti juu mpaka kifuani.

"Gwaride hilo!" Masolwa akacheka. "Mpigieni saluti!"

Nikatema mate. Limashine lote hilo, halijui tuta la viazi?

Mbele kidogo likajifunza. Hatua zikashuka, zikawa za binadamu. Dada akamaliza mipaka yote, jasho chapachapa.

Masolwa hakuridhika. "Sasa salimia wakwe. Kwa goti, kama mila inavyotaka."

Prisila akainama. Chuma kikadhani anaanguka, kikamnyanyua. Akainama tena. Kikamnyanyua tena.

"Huna adabu!"

"Shemeji, si unaona mwenyewe?" Prisila kasimama wima, anamtazama machoni. "Mimi nataka, chuma hakitaki. Shikamooni."

Mzee Lugembe, mkubwa wa ukoo, akaangua kicheko. "Marahaba. Mipaka kaizunguka. Masolwa, kaa chini. Shamba ni lake."

Nikamvuta Flavia pembeni. "Takataka gani hii, hata goti haijui?"

Akanong'ona: "Inajua, mzee. Kuna kitufe cha kupiga goti, hapo kiunoni. Nilimwonyesha asubuhi, akakijaribu vizuri tu."

Nikamgeukia dada. Mikono yote miwili kaificha ndani ya khanga, mbali na kitufe.

Jamani, chuma bado nakidharau. Masolwa namdharau zaidi. Ukimpima mwanamke kwa magoti yake, usishangae akikushinda kwa kichwa.