Waridi Nililolikata Kama Mkonge

Nakumbuka siku niliyokata waridi kama mkonge, mwanangu, na mpaka leo nikilikumbuka nacheka peke yangu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipolegeza biashara na watu binafsi wakaanza kufungua nyumba za wageni kando ya barabara kuu hapa Mikumi. Nilitoka Kimamba, mtoto wa mkata mkonge, nikaajiriwa na Mama Damari, aliyekuwa anamalizia kujenga ya kwake. Kwenye dirisha la mapokezi aliweka makopo manne ya mawaridi, marefu, bila ua hata moja.

"Yapogoe," aliniambia. "Siku ya kufungua nataka maua, si fito. La sivyo, njia ya Kimamba unaijua."

Nilijua kukata namna moja tu, ya mkonge: unaondoa majani ya chini, unaacha ya juu yasimame. Nikamaliza makopo matatu, yote kwa kipimo kimoja. Sikuuliza mtu.

Bibi Yunisi, mpishi wetu, aliyekulia kwenye bustani za misheni milimani Kilosa, akapita na sufuria.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Shamba la mkonge tumefungua lini humu ndani?" Alicheka mpaka akaitua sufuria chini. Kisha akanikazia macho. "Jikoni ni hatua kumi. Ulishindwa kuja kuuliza?"

Akaenda kupitisha kisu kwenye moto wa jikoni kukisafisha, akanipa. "Tafuta jicho, hicho kinundu cha chipukizi, linalotazama nje. Kata juu yake kidogo, mshazari."

"Bibi, si nitaumaliza mti?"

"Kata, mjukuu wangu. Huko juu ulikokuacha ndiko kunakokula bure bila kutoa ua."

Nikakata yote manne. Vikabaki vijiti. Mama Damari akaja kuviona. Akatazama upande wa stendi, kwenye mabasi ya Kimamba.

Kila asubuhi nilivikagua kabla ya kufagia. Siku ya kumi, mwanangu, jicho limevimba, jekundu! Nilikimbia jikoni nikipiga kelele, Bibi akadhani nyumba inaungua. Wiki zikapita, machipukizi yakatoa tumba, na siku ya kufungua makopo matatu yalikuwa yamechanua! La nne lilichelewa siku mbili.

Mama Damari akayapitia yote, moja moja. "Kimamba watafute mkata mkonge mwingine," akasema.

Basi, mwanangu, ujuzi wa kwenu ubebe, lakini kwenye kazi ngeni uliza kwanza. Na ukipogoa waridi, usiuonee huruma urefu wake: kata juu ya jicho linalotazama nje, kisha subiri. Mungu akupe mkono usioogopa kukata na mdomo usioona haya kuuliza, na dirisha lako lisikose ua.