Gundi Iliyotolewa Kabla ya Kuiva

Siku aliyokabidhiwa wateja, mhandisi huyu alijiwekea sheria moja: neno atakalomwambia bosi ofisini ndilo hilohilo atakalomwambia mteja kiwandani kwake. Wenzake walimcheka. Kazi ya kutembelea wateja, walisema, inataka ulimi wenye mafuta. Akawajibu kwamba mafuta ni ya mashine.

Sheria hiyo ilikuja kujaribiwa na gundi. Kiwanda chao kilipika gundi nyeupe ya kufungia maboksi, na mteja wao mkubwa, mama mwenye kiwanda cha maboksi, alipiga simu akifoka. Maboksi yake yalikuwa yanaachia chini, sabuni za watu zinamwagika barabarani. Wasipokuwa na jibu, anahamia kwa washindani wao.

Mhandisi akaenda, safari hii na mkuu wa uzalishaji. Mkuu huyo alikuwa mume wa dada yake, na ndiye aliyemsomesha.

"Shemeji," mkuu alimwambia garini, "tutasema wanazidisha maji. Wateja wote wanazidisha maji."

"Tuangalie kwanza, shemeji."

"Wewe na kuangalia! Siku ya harusi yako utampima bwana joto kabla ya kumkubali."

"Na akiwa na homa anarudi kwao."

Walipofika, mama alikuwa anawangoja kando ya mashine ya kukunjia. "Karibuni, madaktari wa gundi. Mgonjwa wenu huyu hapa." Akapiga teke boksi, likafunguka chini.

Mhandisi hakuchota gundi ya kwenye mashine, ambayo mtu angeweza kusema imetiwa maji. Aliomba pipa ambalo halijafunguliwa, akakata lakiri mbele ya wafanyakazi wote, akachovya kikombe chenye tundu chini, akakiinua huku akitazama saa. Gundi nzuri hutoka tunduni taratibu kama asali. Hii ilikimbia kama maziwa.

Alijua papo hapo. Mkuu naye alijua, maana ndiye aliyeamuru mtungi wa kupikia umwagwe kwenye mapipa mapema ili oda zisichelewe. Gundi ya namna hiyo siku ya kwanza hudanganya macho. Ikikaa kwenye pipa hulegea.

"Shemeji," mkuu alinong'ona, "usinivue nguo mbele za watu."

Mhandisi akafuta mikono. "Mama, nyinyi hamna kosa. Gundi imetoka kwetu haijaiva. Tuliiharakisha."

"Hebu rudia."

Akarudia, kwa sauti ileile.

"Haya. Na dawa yake?"

"Nitasimamia upishi mwenyewe. Nikirudi, mtu apande juu ya maboksi."

Wapo watakaosema angemwita mama pembeni. Sikubaliani nao. Wafanyakazi wale ndio waliokuwa wakilaumiwa kwa maboksi yale, na walistahili kusikia.

Ofisini akamwambia bosi maneno hayohayo, kisha akasimama kando ya mtungi mpaka gundi ikaiva, akaiacha ikae kwenye mapipa, akaipima tena ndipo akaipeleka. Maboksi yakagundishwa, yakajazwa, yakapangwa. Mpakiaji mmoja mnene, waliyemwita Tani Moja, akapanda juu.

"Ruka!" wakapiga kelele.

"Nikivunjika mguu nani atanilisha?"

"Ruka, wewe! Kwani tumewahi kukushibisha?"

Akaruka. Akaruka tena, kwa nguvu zaidi. Hakuna boksi hata moja lililoachia. Ukumbi mzima ukalipuka kwa vigelegele, na mama akaunyanyua mkono wa mhandisi juu kama wa bondia aliyeshinda. "Huyu! Msiniletee mwingine!" Hapohapo akaagiza na gundi ya kiwanda chake cha pili.

Mhandisi akapandishwa cheo, na mtindo wa kumwaga mtungi mapema ukapigwa marufuku. Mkuu wa uzalishaji akaachishwa kazi. Tangu hapo dada wa mhandisi hapokei simu za mdogo wake, na mtoto wa mwisho wa dada huyo, ambaye sasa ameanza shule, hajawahi kumwona mama yake mdogo.