Usiufute Mstari Unaohesabu Safu

Nakumbuka alasiri moja ya mwezi wa saba, mwanangu, mlima umejificha mawinguni na ofisi yetu pale Njoro ina baridi ya kuvalia sweta. Nilikuwa msichana mwenye haraka. Sasa unaniita mzee, na sikukatalii. Katika kazi hii mtu huzeeka mapema.

Tuliandika programu kwa ajili ya kampuni ndogo ya kupandisha wageni mlimani. Kambini, waongozaji walipima kila mtu kwa kile kifaa cha kubana kidoleni, na simu zao zikatutumia vipimo kwa muundo wa JSON: safu kavu isiyo na lebo. Jina, kambi, oksijeni ya damu, mapigo ya moyo, kwa mpangilio huo. Go, lugha tuliyoandikia programu, yenyewe haijui kuigeuza safu ya hivyo kuwa struct, ambako kila sehemu ina jina lake. Lazima uiandikie namna ya kufanya. Mama Anaeli, aliyenifundisha kazi, ndiye aliyeiandika: cha kwanza kiende kwenye jina, cha tatu kwenye oksijeni, na mwishoni mstari mmoja wa kuhesabu. Visipotimia vinne, rekodi ikataliwe.

Mstari huo ulituchosha. Skrini ilikuwa nyekundu kutwa kwa rekodi zilizokataliwa. Meneja akaja mezani kwangu.

"Dada, hizo nyekundu zinatutia aibu kwa wateja. Zitoe."

Nikaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta. Go isingelalamika, nafasi ya mwisho isiyojazwa ingeiacha sifuri, iendelee na safari yake. Mama Anaeli akasimama nyuma yangu. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

"Hebu soma iliyokataliwa."

"Elibariki, kambi ya juu, tisini na sita. Basi."

"Tisini na sita ya nini?"

"Si oksijeni, mama? Mbona ni nzuri."

"Vimo vitatu. Umejuaje kilichokosekana ni kipi? Mtu kaacha mke Tarakea, kajifungua juzi, na wewe unamkisia! Piga simu."

Elibariki alikuwa mpagazi. Alipita ofisini kabla ya kupanda, akatuonyesha picha ya mtoto kwenye simu, anacheka peke yake.

Nikapiga. Mwongozaji akasema vidole vya Elibariki vilikuwa vya baridi mno, kifaa kikashindwa kusoma oksijeni. Akaacha wazi, na simu ikairuka nafasi ile. Tisini na sita ilikuwa mapigo ya moyo, yamekaa kwenye kiti cha oksijeni. Elibariki mwenyewe, akasema, amelala, kachoka tu.

"Kamwamshe," nikamwambia.

Nikasikia zipu ya hema, kisha jina likiitwa tena na tena, sauti ikipanda. Elibariki aliitika, lakini hakujua yuko wapi; hewa nyepesi ya juu ilikuwa imemlevya. Wakaanza kumtelemsha saa ile ile. Nilibaki nimeshika simu, nikilia mbele ya meneja bila haya.

Alipona. Yule mtoto sasa yuko la saba.

Jana nimefungua kazi uliyonitumia. Mstari wa kuhesabu umeufuta, na pembeni umeandika kwamba unaleta usumbufu. Nimechoka, mwanangu. Nimeurudisha baada ya vijana wengi kabla yako, na Mama Anaeli hayupo tena wa kusimama nyuma ya kiti cha mtu. Safari hii siurudishi mimi.

Urudishe kwa mkono wako. Hesabu safu kabla hujaiamini struct. Ikipungua kataa, ikizidi kataa, na ujumbe wa kosa utaje rekodi ni ya nani, ili aliye zamu ajue wa kumpigia. Sifuri iliyowekwa na mashine inafanana na jibu, na mtu aliyechoka ataisoma kama jibu. Meneja akikasirika, mlete kwangu.

Mungu akutunzie macho kuliko alivyonitunzia yangu, akupe wa kukukemea mapema, na kila aliyepanda huko juu leo ashuke akijua yuko wapi.