Niliondoa Pete ya Chuma, Nyanya Akaangalia Jua

Nimekosa, ndugu zangu. Naandika bila jina kwa sababu watu wa hapa Itumbe bado wananisalimia vizuri, na kila salamu inanichoma.

Mimi ni mchuma chai, masomo yaliishia darasa la nane. Lakini anga naipenda, jamani! Mgeni mmoja aliyekuwa akihama Kisii mjini aliniachia darubini ndogo na kichujio chake cha jua: karatasi inayong'aa kama kioo, iliyobanwa ndani ya pete nzito ya chuma. Inavalishwa mdomoni mwa darubini, unakaza skrubu. Bila hiyo, akaniambia, jua litakula jicho.

Nilisikia. Haki ya Mungu nilisikia!

Siku ya mkasa niliisimamisha darubini kwenye kituo cha kupimia majani chai, tukingoja lori. Kila nikiielekeza juani, inainama mbele. Naiinua, inainama tena. Ile pete ilikuwa inalemea.

Sasa kwetu kwa mizani, gunia likizidi, karani anasema, "Punguza!" Unatoa majani, mambo yanakaa sawa. Basi nami nikapunguza. Nikatoa pete, nikabandika karatasi kwa selotepu. Darubini ikatulia. Nikafurahi kama mjinga!

"Mwanaanga, hiyo bomba inapika chai?" jirani yetu Makori akauliza. Watu wakacheka. "Ama jua limekukataa?"

Nyanya yangu, aliyenilea, hakupenda nichekwe. Akaweka kikapu chini. "Nyamazeni. Nitaangalia mimi." Akanigeukia: "Ingawa hilo jua liko hapa mgongoni mwangu tangu asubuhi, baba."

Nyanya ana jicho moja tu zima. Lingine lina mtoto wa jicho, linangoja upasuaji.

Akainama. "Nimeliona! Kama chungwa!" Kwa sauti, wote wasikie.

Ndipo nikaona karatasi inaning'inia. Selotepu ilishika joto, ikalegea. Upepo ukaipiga, ikaruka mpaka kwenye michai. Na nyanya bado ameinama!

Nilimsukuma, akaangukia magunia. Akashika uso. Mungu wangu! Nimempofusha!

"Nyanya, unaniona? Unaniona?"

"Nakuona. Unalia kama mtoto." Kisha akaninong'oneza: "Niliweka lile bovu. Hili zima niliogopa. Sikuona kitu, baba, nilisema tu vile ulivyonisimulia jana. Nilitaka wanyamaze."

Karibu nicheke. Lakini jioni alisimama mlangoni, akafunika jicho zima kwa kiganja. Siku zote lile bovu lilikuwa linaona weupe wa mlango.

"Giza," akasema. "Giza tu."

Daktari anasema huenda jicho limeungua kwa ndani, huenda siyo. Hawezi kujua vizuri mpaka atoe mtoto wa jicho. Tunangoja. Naogopa siku ya upasuaji kuliko kitu chochote, na yeye kazi yake ni kuniuliza kama nimekula!

Nilikuja kugundua darubini ile unalegeza vishikio vinavyoibana kwenye stendi yake, unaisukuma nyuma kidogo, inatulia. Kazi ndogo hivyo!

Wewe unayeota anga kama mimi, ikiinama mbele isukume nyuma. Kichujio kiache na pete yake. Na kabla hujamwita mtu unayempenda aangalie, kivute kwa mkono, uone kama kimeshika.

Mimi sikuvuta.