Msindikizaji Aliyesafiri

Mpaka leo nikisimulia kisa hiki nahitaji vidole vya mikono yote miwili ili nikumbuke nani alikuwa ndani ya gari na nani alibaki nje.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka wa tisini, likizo ndefu, na vumbi la Gatsata, mtaa wetu wa Kigali, lilikuwa limeingia hadi kwenye maharage. Jirani yetu, mama mmoja wa Goma aliyekuwa rafiki mkubwa wa mama yangu, alikuwa anakwenda kwao kusalimia. Mimi na mdogo wangu wa kiume tuliruhusiwa kufuatana naye tukaone ziwa. Mama hakuwa msafiri. Alikuwa na binti anayenyonya, na miguuni alivaa kandambili za jikoni. Lakini kwetu mgeni haagwi mlangoni. Unamsindikiza, na kadiri unavyompenda ndivyo unavyokwenda mbali. Hao wawili walipendana kupita kiasi. Siku za kawaida mama alimsindikiza rafiki yake hadi kwake, rafiki naye akamrudisha nusu ya njia, mama akaona aibu kumwacha arudi peke yake, na chakula chetu kikaungua jikoni.

Siku hiyo walishuka hivyo hivyo hadi kituo cha magari cha Nyabugogo wakipokezana mizigo. Mwisho wa mteremko rafiki alimwambia mama ampe mtoto, apumzishe mgongo, akambeba kwa kitenge chake cha njano. Mama akachukua kikapu cha rafiki. Kila mmoja alidhani amemsaidia mwenzake.

Taksi ya Gisenyi, mpakani na Goma (magari madogo ya abiria tuliyaita taksi), ilikuwa karibu kujaa. Mama akapanda kutukalisha, kisha akakalia kiti cha rafiki yake ili mtu mwingine asikichukue. Rafiki alibaki chini akisimamia begi letu lifungwe vizuri juu ya paa. Kondakta akahesabu vichwa, akaona vimetimia, akagonga bati. Gari likaondoka. Mimi wala sikushtuka. Nilidhani watu wazima wamebadili mpango bila kutuambia, kama ilivyo desturi yao.

Mama alilalamika kwa heshima mno, na heshima haisimamishi gari. Alimwambia kondakta kwamba yeye hasafiri. Kondakta akamtazama alivyoketi, kikapu mapajani.

"Sasa wewe iko musafiri ao iko musindikizaji?"

"Mimi iko musindikizaji," mama akasema. "Mwenye kusafiri iko chini, na mutoto yangu iko naye."

Abiria wakaingilia. Mzee mmoja alitaka kujua tangu lini msindikizaji anakaa kitini. Mwanamke wa nyuma akauliza mtoto ni wa nani kati ya hao wawili. Kila aliyeelezwa alimweleza jirani yake vibaya, na habari ilipomfikia dereva ilikuwa kwamba kuna mama amesahau kikapu. Dereva akajibu kwamba kikapu hakina miguu, kitamngoja. Ni mpaka mama alipoanza kulia, blauzi yake imelowa maziwa, ndipo gari liliposimama, na tulikuwa tumekwisha kupanda mlima mbali sana.

Mama alikuwa na njia mbili, zote mbaya. Akiendelea nasi, mtoto atashinda na njaa. Akituacha, wanawe wawili watavuka mpaka na watu wasiowajua. Akatushusha sote. Kwa ile haraka begi likasahauliwa juu ya paa, likaendelea na safari peke yake. Tukaanza kushuka kwa miguu, mama amezishika kandambili mkononi, anatembea kama anayefukuzwa.

Hatukufika mbali taksi nyingine ikatupita ikipanda. Dirishani nikaona kitenge cha njano na kichwa kidogo. Rafiki alikuwa anatufuata! Mama akaita, akapunga mikono, gari likapotelea kwenye kona. Nikamuuliza sasa tunapanda au tunashuka. Aligeuka kupanda, akageuka kushuka, kisha akaketi chini kando ya barabara, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Niliogopa sana. Mdogo wangu akauliza kama hapa ndipo Goma.

Mwishowe mama alisema tukae palepale, barabara ni moja, anayetutafuta lazima apite. Tukakaa. Kila gari lililoshuka alisimama, na kila lilipopita aliketi tena. Jua lilikuwa limeanza kulegea lori la viazi liliposimama mbele yetu, akashuka rafiki yake na mtoto mgongoni na begi letu kichwani. Alikuwa ameifukuza taksi yetu hadi akaikuta, akaambiwa yule msindikizaji alishuka zamani.

Mtoto alikuwa amelala, ameshiba. Abiria mmoja aliyekuwa na kichanga chake alimnyonyesha njiani. Mama alimnusa kichwani, akampa titi, mtoto akageuza uso. Mama akalia upya, na mimi sikuelewa, maana mtoto si amepatikana?

Tulisafiri wiki iliyofuata. Mama alituagia kwenye ua, ameshika mti wa uzio kwa mkono mmoja.

Miezi michache baadaye vita ilianza, na rafiki yake akaamua kurudi Goma kabisa. Siku hiyo mama alimsindikiza tena hadi Nyabugogo, mtoto amefungwa barabara mgongoni mwake mwenyewe, mimi nimebeba kikapu. Alisimama hatua kadhaa kutoka mlango wa taksi. Siku zile magari hayakungoja kujaa. Rafiki alipoketi alisogea, akakipigapiga kwa kiganja kiti kilichokuwa wazi pembeni yake.

"Panda, dada," akasema. "Ukae kidogo tu."

Mama akatabasamu. "Leo mimi iko musindikizaji."

Nilicheka, nikidhani ni utani wao. Gari likaondoka na kiti kile kitupu. Mama hakucheka. Alisimama pale mpaka vumbi likatulia, na hadi leo sijui kama rafiki yake alikuwa anamtania au alikuwa anamwomba.