Kopo Linalopenywa na Mizizi

Majirani humwita Mama Miche, na jina hilo limemkaa kuliko lile alilopewa na wazazi. Tangu afiwe na mumewe, anaishi kwa kuotesha miche nyuma ya nyumba, kwenye viriba, ile mifuko myeusi ya plastiki. Yeye humwimbia kila mteja wimbo uleule: "Chana kiriba kabla hujapanda!" Wengine husikia, wengine ni kama wametia pamba masikioni.

Siku moja upepo uliangusha mti wa kivuli shuleni. Ulikuwa mche wake. Alipofika alikuta mizizi imejisokota ndani ya kiriba, kama mtoto aliyeachiwa shati la utotoni mpaka likamkaba. Akarudi nyumbani.

Mkwewe, mke wa mwanawe, hufanya kazi kwenye karakana ya sahani. Huko wanachanganya plastiki ya wanga wa muhogo na nyuzi za mgomba, na ikitupwa huoza.

"Mwanangu," Mama Miche alimwambia, "nitengenezee vikopo vya miche. Mtu akipanda na kopo lake, mti uishi."

Vya kwanza vilikuwa aibu. Vilimwagiliwa siku chache tu, vikalainika kama mkate kwenye chai.

"Mama, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Nimeomba kopo, umenipikia uji!" Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Mkwe alipochunguza, aligundua nyuzi zilikuwa na unyevu. Zikishindiliwa kwa joto, mvuke huacha vitundu, na vitundu hunywa maji. Safari hii alizikausha zikawa kavu kau, akazikata fupi, akanenepesha kuta.

Mipapai ikapandwa na vikopo vyake. Mvua zilipokatika, Mama Miche hakuweza kungoja zaidi. Alipiga magoti akafukua mmoja. Kopo lilikuwa limebaki vipande laini, mizizi myeupe imelipenya kila upande na kushika udongo wa nje.

"Mkwe wangu, njoo uone! Haikubisha hata hodi!"

Michungwa hukawia kitaluni, na vikopo bado haviwezi kuisubiri, kwa hiyo yenyewe imebaki kwenye viriba. Mkwe anajaribu mchanganyiko mwingine. Mama Miche amemtengea kona nzima ya kitalu.

"Haribu tu, mwanangu," humwambia. "Udongo upo, maji yapo, na mimi nipo."